Ngoma ya Watoto Haikeshi? Uhakiki wa Gitaa Dogo la Mwanafunzi

Wahenga walisema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka mingi bila kuihoji. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu, kama alivyofunzwa, kwamba jambo linaloendeshwa na wasio na uzoefu halidumu, nasi humpa alama zake zote. Katika makala haya tunakusudia kuitia methali hiyo katika mizani. Jiwe letu la kupimia ni kitu ambacho huenda walimu wenzetu hawakutazamia kukiona katika kurasa hizi: gitaa dogo la umeme, lenye nyuzi fupi, lililoundwa zamani kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza.

Tuseme mapema kwamba sisi si wanamuziki bali ni walimu wa lugha. Hata hivyo gitaa ni chombo cha kusemea, na chombo chochote cha kusemea chaweza kuhakikiwa kwa maswali yale yale tunayoiuliza tamthilia au shairi. Kimeundwaje? Kimekusudiwa nani? Kinamwezesha mtumiaji wake kusema nini, na kinamnyima nini? Kwa maneno tuliyoyazoea, tutatazama fani yake na maudhui yake, kisha tutauliza jambo hilo latuhusu nini sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala.

Chanzo cha makala haya ni kosa letu wenyewe. Tulikuwa tukitayarisha tamasha la chama cha Kiswahili cha shule. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari, mwenye umbo dogo na maneno machache, alikuwa ametunga shairi la beti tano, na alitaka kuliimba kwa gitaa. Alikuja nalo limefungwa ndani ya shuka. Lilikuwa gitaa la umeme la Kijapani, rangi yake nyekundu imechujuka, jina la kiwanda limefutika kichwani. Alikuwa amelirithi kwa mjomba wake, aliyepiga muziki mjini katika zama ambazo bendi ya Cranes ilisikika na Afrigo, iliyoundwa mwaka 1975, ilikuwa bado changa. Kijana akasema, "Mwalimu, nitatumia kagitaa kangu." Nasi tukamjibu papo hapo, "Si kagitaa, ni kigitaa. Na tena hicho ni cha kuchezea watoto. Tutakuazimia gitaa la kweli."

Tulimwazimia. Siku ya tamasha alipanda jukwaani na gitaa kubwa ambalo alikuwa amelishika siku tatu tu. Mkono wake wa kushoto ulihangaika shingoni kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya wenyewe. Katika ubeti wa tatu alisimama, akaomba radhi kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia, akashuka. Muhula mzima uliofuata hakurudi chamani. Hakuna aliyetulaumu, maana wote waliohudhuria walidhani kwamba kijana hakujitayarisha. Sisi ndio tuliojua kwamba alijitayarisha miezi miwili, ila kwa chombo kingine.

Tukaanza kuuliza habari za chombo hicho.

Gitaa la aina hii lina nasaba inayojulikana. Mwaka 1956 kiwanda cha Leo Fender, katika mji wa Fullerton, jimbo la California, nchini Marekani, kilitoa magitaa mawili kwa ajili ya wanaojifunza: Musicmaster, lenye sumaku moja ya kunasa mtetemo wa nyuzi, na Duo-Sonic, lenye sumaku mbili. Urefu wa uzi unaotetemeka, tangu kizingiti kilichoko mwisho wa shingo hadi kwenye daraja lililoko kiwiliwilini, ulikuwa inchi 22.5, yaani milimita 571 na nusu. Gitaa la wakubwa la kiwanda hicho hicho, Stratocaster, lililotoka mwaka 1954, lilikuwa na inchi 25.5, yaani milimita 648 hivi. Mwaka 1964 likafuata Mustang, lililouzwa kwa urefu wa inchi 24 au 22.5, na mwaka 1967 likaja Bronco. Katikati ya mambo hayo, mwaka 1965, kiwanda kilinunuliwa na shirika la CBS.

Fender hakuwa peke yake sokoni. Gibson alikuwa na Melody Maker tangu mwaka 1959, na baadhi ya magitaa hayo yalikuwa na shingo fupi. Danelectro alitengeneza magitaa yaliyouzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalipatikana hata yale ambayo kikuza sauti chake kilijengwa ndani ya sanduku la kubebea, hivyo kwamba mtoto aliyefunguliwa sanduku hilo alikuwa amekwisha kamilika kama bendi ya mtu mmoja. Wajapani nao, kupitia viwanda kama Teisco, kilichochukuliwa na Kawai mwaka 1967, walisafirisha magitaa ya bei nafuu kwenda nchi nyingi. Mustang la asili lilikoma kutengenezwa mwaka 1982, likafufuliwa Japani mwaka 1990.

Sasa tuitazame fani. Tulilipeleka gitaa la kijana, kwa idhini yake, kwa fundi mmoja mzee wa Katwe, mtaa ambao wakazi wa Kampala wanaujua kwa mafundi wake. Tulimkuta akiunga nyaya za redio. Alilipima kwa utepe: tangu kizingiti hadi daraja lilikuwa na sentimita 57 na ushei. Kisha akashusha ukutani gitaa kubwa la mteja mwingine, akatuomba penseli. Tulikuwa nayo mfukoni, kama mwalimu yeyote. Akailaza juu ya shingo nyuma ya kijiti cha pili cha chuma, akaifunga kwa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, akapima tena tangu kijiti hicho hadi daraja. Zikawa sentimita 57 na nusu, na zaidi kidogo.

"Unaona, Mwalimu," alisema, "wazee wetu walikuwa wakiyafupisha wenyewe."

Tukahesabu nyumbani kwa karatasi, tukaona kwamba fundi yu sahihi. Gitaa la milimita 648 likifungwa kwenye kijiti cha pili hubakiwa na milimita 577. Tofauti yake na Musicmaster haifiki milimita sita. Kifungo hicho, ambacho wapigaji hukiita kapo, kilitumiwa sana na wapiga gitaa kavu wa Katanga na wa nchi jirani. Mara nyingi kilikuwa penseli na kamba tu, maana cha dukani hakikupatikana au hakikununulika. Kwa hiyo mkono wa Kiafrika ulikuwa umekwisha uzoea uzi mfupi, na jambo ambalo kiwanda cha California kililiuza kama huruma kwa wanaoanza, hapa kwetu lilikuwa ufundi wa waliobobea.

Ufupi huo una matokeo mawili. La kwanza ni la umbali. Katika gitaa kubwa, vidole vinavyotaka kufika kijiti cha nne kutoka kwenye kizingiti husafiri milimita 134 hivi, lakini katika gitaa dogo ni milimita 118. Kwa mtu mzima mwenye kiganja kipana tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kijana wa miaka kumi na minne ndiyo tofauti kati ya kuipata sauti na kuikosa. La pili ni la mkazo. Sayansi inatufunza kwamba, uzi ukiwa ni ule ule na sauti inayotakiwa ikiwa ni ile ile, mkazo hupungua kwa kadiri ya mraba wa urefu. Hivyo gitaa la inchi 22.5 huhitaji mkazo pungufu kwa asilimia 22 hivi kuliko lile la inchi 25.5, na lile la inchi 24 hupungua kwa asilimia 11. Uzi unakuwa laini chini ya kidole. Anayeanza haumii upesi, na aliyekwisha kukomaa anaweza kuuvuta uzi pembeni na kuufanya ulie kama mtu.

Penseli ya fundi, hata hivyo, na gitaa dogo la kijana si kitu kimoja kwa kila hali, na mhakiki hana budi kupambanua. Penseli huufupisha uzi bila kuulegeza, kwa hiyo sauti hupanda. Gitaa dogo hubaki katika sauti ya kawaida, na uzi ndio unaolegea. Yanayofanana ni mapito ya mkono. Yasiyofanana ni sauti yenyewe, ambayo katika gitaa dogo huwa ya mviringo, yenye joto, na hufifia mapema.

Tusiifiche kasoro. Uzi uliolegea hugonga vijiti na kutoa mkoromo. Uzi mnene wa juu, ukibanwa kwa nguvu, hupotoka katika lahani. Mustang lina mkono wa kutikisia sauti ambao, usiposetiwa na mtu anayeujua, hulifanya gitaa lote lisahau lilivyofungwa. Fundi wetu alipunguza nusu ya taabu hizo kwa kufunga nyuzi nene zaidi, na akasema kwamba nusu iliyobaki ni tabia ya mtoto huyu, mtakaa naye hivyo hivyo. Hukumu hiyo tunaikubali. Fani yenye dosari haikosi kuwa fani, kwani hata washairi wetu wakubwa wana mizani zilizolazimishwa.

Tuingie katika maudhui. Magitaa haya yalibeba itikadi fulani, na itikadi hiyo ni ya ngazi. Kiwanda kilimwambia mwanafunzi: anza hapa chini kwa fedha kidogo, kisha panda, ununue lile la juu. Biashara ilihitaji kwamba gitaa dogo lipendwe kidogo na liachwe mapema. Kwa hiyo lilinyimwa mapambo, na sumaku zake zilifunikwa plastiki tupu isiyo na matundu, ingawa lilitoka katika kiwanda kile kile kilichounda magitaa ya watu mashuhuri. Aliyenunua kwa bei ya chini alipata sehemu kubwa ya ustadi ule, bila sifa yake. Hapo ndipo ulipo mgogoro wa kwanza wa maudhui: kitu kimefanywa vizuri na watu walioagizwa kukiuza kama kitu cha chini.

Mgogoro wa pili uliletwa na wapigaji wenyewe, waliokataa kuitii ngazi. John Lennon wa Beatles, aliyenunua Rickenbacker 325 mjini Hamburg mwaka 1960, lenye uzi wa inchi 20.75 tu, ndilo alilosimama nalo mbele ya Marekani nzima katika televisheni mwezi wa Februari 1964. Jimi Hendrix alipiga Duo-Sonic mwaka 1964 alipokuwa akiwasindikiza Isley Brothers, kabla ulimwengu haujalijua jina lake. Kurt Cobain wa Nirvana, katika filamu ya wimbo iliyoenea duniani mwaka 1991, ameshika Mustang la mwaka 1969. Huyu alikuwa na uwezo wa kununua gitaa lolote, naye akaishi kwenye kipandio ambacho kiwanda kilikusudia kiwe cha kupitia tu.

Na hapa tunalo jambo la kujivunia sisi wa bara hili, ambalo wanafunzi wetu wangefurahi kulijua. Gitaa ambalo Lennon alikuwa nalo mwaka 1957, alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney, halikutoka Marekani wala Uingereza. Lilikuwa Gallotone Champion, gitaa dogo kavu la bei nafuu lililotengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo, na ndani yake kikaratasi kikiahidi kwamba ubao wake hautapasuka. Magitaa ya Gallo yalienea kusini, kati na mashariki mwa Afrika, hata jina lake likageuka kuwa jina la jumla, na wapo wazee wa Tanzania ambao mpaka leo huita gitaa kavu lolote galatoni. Kwa hiyo chombo cha mwanafunzi wa Afrika ndicho kilichokuwa chombo cha mwanafunzi wa Liverpool, na ngoma ile ya watoto ikakesha.

Katika nchi zetu historia ya gitaa ni historia ya kufanya makubwa kwa machache. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, mwenye gitaa moja kavu, na vidole vyake vilifanya kazi ya watu wawili. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga, Kiswahili ambacho baadhi yetu tungekitia wino mwekundu kila mstari. Nairobi ilimsikiliza na ikamwiga. Baadaye, katika studio ya Equator ya mji huo, vijana wa nchi mbalimbali walikutana chini ya umeme: Fadhili William na Daudi Kabaka wa Kenya, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia, na Charles Sonko kutoka kwetu Uganda. Lugha yao ya kukutania ilikuwa Kiswahili, na hakuna aliyewasubiri kwanza wafaulu mtihani wa sarufi.

Hapa Buganda mfano mkubwa zaidi ni kadongo kamu, muziki wa masimulizi na mawaidha uliokuzwa na akina Fred Masagazi na Christopher Ssebadduka, na ambao Herman Basudde, aliyefariki mwaka 1997, na Paulo Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, waliufikisha mbali. Tulitazame jina hilo kwa jicho la mwalimu wa lugha. Endongo ni kinanda cha nyuzi nane cha Waganda na Wasoga. Ukikitia kiambishi ka- kinakuwa kadongo, yaani kinanda kidogo. Kamu ni kimoja. Jina zima, basi, lasema kinanda kidogo kimoja tu. Mwenye sanaa hiyo hakuuficha udogo wa chombo chake wala uchache wake, bali aliufanya kuwa bendera. Nyuma ya gitaa hilo moja yakaimbwa mambo ya ndoa, mauti, siasa na ulevi, katika tungo ndefu ambazo msikilizaji hukaa nazo kama anayesikiliza kesi.

Na kiambishi hicho kimo hata katika jina la mji wetu. Kwa mapokeo yanayojulikana na wengi, Kampala latokana na maneno ya Kiganda yenye maana ya kilima cha swala, na silabi yake ya kwanza ni upatanisho wa ngeli hiyo hiyo ya ka-. Tunaishi ndani ya kiambishi cha udogo, tunakitaja kila siku, na bado tulimkemea mtoto kwa kukitumia.

Maana sasa tunaweza kulisikia upya neno alilolisema kijana. Aliposema kagitaa kangu, ka- yake ilikuwa ya Kiganda, na katika Kiganda kiambishi hicho chaweza kubeba dharau, lakini pia hubeba mapenzi. Tena hata katika Kiswahili cha Kongo na cha bara ya Kenya ka- inasikika kila siku midomoni mwa watu. Ki- yetu tuliyomrudishia ilikuwa sanifu, hilo hatulipingi. Lakini kama tulivyoitamka siku ile, ilikuwa ki- ya kudunisha, ile ya kijitu na kijumba. Tulimsahihisha umbo la neno na hapo hapo tukaiharibu maana yake. Alikuja na kitu akipendacho, naye akaondoka na kitu cha aibu, na yote hayo yalitokea katika silabi moja.

Hapa ndipo suala la gitaa linapokuwa suala letu. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo tumeyashangilia. Lakini mtoto anayeingia darasani kwetu anakuja na Kiganda, au Kisoga, au Kiacholi, au Kinyankole, kisha Kiingereza, na Kiswahili kwake ni lugha ya tatu au ya nne. Kwa wazazi wengi wa mji huu ni lugha iliyokuwa ikisikika pamoja na bunduki katika miaka ambayo hawataki kuikumbuka. Mtoto huyo hatakuja na Kiswahili cha urefu wa milimita 648. Atakuja na sentensi fupi, zenye mkazo mdogo, zenye mkoromo hapa na pale. Swali ni iwapo tutazisikiliza kama sentensi, au tutampokonya na kumwazimia zetu kwa siku tatu kabla ya tamasha.

Tunatazamia pingamizi mbili. Ya kwanza itasema kwamba makala haya yanatetea ulegevu, na kwamba mwalimu asiyesahihisha haitwi mwalimu. Tunajibu kwamba kusahihisha ni kazi yetu na hatuiachi. Fundi wa Katwe naye alisahihisha: alibadilisha nyuzi, alipanga upya daraja, aliunga waya uliokatika. Lakini kabla ya yote alilichomeka gitaa kwenye kikuza sauti na kulisikiliza kwa muda mrefu, bila kusema neno, ili ajue lenyewe linataka kusema nini. Sisi tulianza na koleo. Mpangilio wa kazi ndio tunaouhoji. Sanifu yabaki kuwa sanifu, nayo ifikiwe na mtu ambaye bado ana hamu ya kusema.

Pingamizi ya pili yatoka upande mwingine kabisa. Wapo leo wanaoyaabudu magitaa haya ya kale ya wanafunzi. Huyakusanya na kuyatundika ukutani, na bei ya yale ya miaka ya 1950 na 1960 wameipandisha hata mwanafunzi hawezi tena kuyagusa. Watasema kwamba uzuri wake ni ukale wake, ni rangi iliyochujuka na mikwaruzo ya shingo. Mapenzi ya namna hiyo hatuyakubali kuwa uhakiki. Gitaa la mwanafunzi lililopanda bei mpaka likamtoroka mwanafunzi limepoteza maudhui yake, hata kama fani yake imebaki kamili. Vivyo hivyo kuna wapenzi wa lugha wanaovutiwa na makosa ya wageni na watoto kwa sababu yanachekesha na kupendeza masikioni, ila hawana haja na anayeyasema. Mwenye dharau na mwenye ibada hukutana mahali pamoja, kwani wote wawili wanakitazama chombo na kumsahau aliyekishika.

Thamani ya gitaa dogo la mwanafunzi, kwa maoni yetu, iko katika jambo moja: lilimchukulia anayeanza kuwa mpigaji. Lilimpa nyuzi sita kamili, sauti zote, umeme ule ule wa wakubwa, na likampunguzia umbali tu. Halikumpa nyuzi tatu ati kwa kuwa ni mtoto. Kitabu cha kiada kinachostahili sifa hufanya hivyo hivyo: hufupisha masafa bila kupunguza nyuzi. Humpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sentensi tano ambazo anaweza kuzisema jioni hiyo hiyo kwa dereva wa bodaboda au muuzaji wa Owino, na zikafanya kazi. Vitabu vingi tulivyo navyo bado humpa ngeli zote kwanza, na mtu wa kuzungumza naye baadaye. Walimu wenzetu wanaoandika vitabu vya Uganda katika miaka hii wana nafasi ambayo waliotutangulia hawakuwa nayo, na tungependa waitumie hivyo.

Turudi kwenye methali. Hatuwezi kuifuta, wala hatuna mamlaka hayo. Lakini tukiifundisha tena tutawauliza wanafunzi swali ambalo hatukuulizwa sisi: ngoma ya watoto haikeshi kwa nini? Ni kwa sababu watoto hawajui kupiga, au ni kwa sababu wakubwa huja na kuwaambia walale?

Yule kijana tulimwendea mwanzoni mwa muhula uliofuata, na gitaa lake mkononi mwetu, likiwa na nyuzi mpya. Tulimwambia kwamba tulikosea. Hakujibu. Alikaa kwenye kiti cha nyuma cha chumba cha chama, akalifunga kwa sikio, uzi baada ya uzi, kwa muda ambao ulituchosha kungoja. Kikuza sauti kilikuwa kikivuma. Kisha akapiga shairi lake lote, beti tano, katika chumba chenye watu wanne. Katika ubeti wa nne alitumia ka- mahali pawili. Tuliyaandika maneno hayo kwenye karatasi, ili tuzungumze naye siku nyingine.